Sogea, Halafu Sogea Tena

Juzi msomaji kaniuliza: “Mbona picha zangu za chini ya maji zote ni bluu, na samaki wanatoka vidoa tu?” Nikacheka, kisha nikanyamaza. Nilijiona mimi.

Siku yangu ya kwanza kuogelea na mrija mdomoni nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Niliporudi botini nikamwonyesha rafiki yangu ile ya kasa. Akaigeuza kamera huku na huku. “Sasa kasa yuko wapi hapa?” Boti nzima ikaangua kicheko. Miaka imepita, kicheko kile bado nakisikia.

Kosa lilikuwa umbali. Ukivaa miwani ya kuzamia, vitu huonekana vikubwa na karibu kuliko vilivyo, kwa hiyo unadhani samaki ni huyu hapa, kumbe bado. Tena maji humeza rangi nyekundu kwanza. Kwenye kina cha mita 5 nyingi imeshapotea, na mwanga una safari mbili: kutoka juu hadi kwa samaki, kisha hadi kwako. Basi sogea. Ukidhani umefika, sogea tena, abaki mita moja au pungufu. Flashi ya kamera izime, maana humulika chembechembe zinazoelea, picha ikajaa vidoti vyeupe.

Kamera yenyewe niliwahi kuiingiza maji. Unywele mmoja tu ulinasa kwenye ringi ya mpira inayoziba kasha, lile boksi la kukinga kamera na maji, nikaona tone likiteremka upande wa ndani wa kioo, taratibu, nami sina la kufanya. Siku hizi naifuta ringi kwa kidole, kisha nazamisha kasha tupu kwanza, nione kama linavuja.

Lakini kusogea si kukimbiza. Wiki iliyopita nilimkuta kasa akila nyasi za baharini. Nikaelea tu, miguu imetulia, hadi alipopanda mwenyewe kuvuta pumzi. Alipita karibu, kipande cha jani kimening’inia mdomoni. Nikapiga nikiwa usawa wa jicho lake. Picha nikamtumia rafiki yule yule. Akajibu: “Umeipakua wapi?”

Na ninyi mnaosimama juu ya matumbawe ili mkono usitikisike, acheni! Yale si mawe, ni wanyama hai, na wengi hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Kama huwezi kuelea bila kushika kitu, kamera ibaki botini kwanza. Yangu haikubaki, goti langu la kushoto lina kovu la siku hiyo.