Mnaoanza kuonja kahawa, hilo neno "chungu" liandikeni kwa uangalifu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kuonja kahawa, kuna kitu kilinitesa miezi kadhaa. Kila kikombe nilikuwa naandika chungu, chungu, chungu, mpaka siku moja bosi akachukua fomu yangu akaniuliza, haya, mwarobaini ni chungu, limao je? Ndizi mbichi je? Nikabaki kimya.

Uchachu ni ule wa limao, mate yanajaa mdomoni. Ukakasi ni wa ndizi mbichi, ulimi unakauka kama umelamba chaki, na ukiukuta kwenye kahawa mara nyingi kosa limetoka shambani, matunda yamechumwa hayajaiva. Uchungu wenyewe ni wa mwarobaini, ushameza na bado upo. Neno "kali" ndo msiliandike kabisa maana kila mtu ana lake, huyu anasema nzito yule anamaanisha imeungua.

Na ile ramani ya ulimi ya shuleni, eti uchungu unasikika nyuma tu, isahauni, unasikika ulimi mzima.

Halafu watu wanailaumu sana kafeini, wakati mchango wake kwenye uchungu ni mdogo tu, ndo maana hata kahawa iliyotolewa kafeini bado ni chungu. Sehemu kubwa inatengenezwa kwenye kukaanga. Ukikaanga kiasi unapata uchungu mtamu-mtamu wa kakao, ukiendelea mpaka buni ziwe nyeusi zinang'aa mafuta unapata ule wa majivu unaokwaruza koo, sasa hao wawili ukiwaandika kwa neno moja aliyekaanga atajirekebishaje? Kuna aina mbili kubwa za kahawa, robusta na arabika: robusta ya Bukoba ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na ingawa si kafeini peke yake, uchungu ni asili yake, msiikate maksi kwa hilo (mi nilishaikata sana, Mungu anisamehe). Mbona kahawa ya kijiweni tunaitaka chungu hivyo hivyo, kashata ipo ya nini?

Mezani pa kuonjea ni gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji, maji nyuzi 93 hivi, dakika ya 4 unavunja kwa kijiko utando wa kahawa ulioelea juu. Usikimbilie kuonja ya moto, subiri ipungue, alafu rudia tena ikiwa vuguvugu, hapo majivu hayana pa kujificha. Iliyokaangwa sana iache iwe ya mwisho, la sivyo vikombe vyote vinavyofuata utaviandika chungu kama mimi.