Jibu: Maranda yanalowa na banda linanuka asubuhi

Salaam ndugu. Nilivyokuelewa: banda jipya, kuku 12, umeziba madirisha yote kwa turubai wasipigwe baridi, na sasa kila asubuhi maranda yamelowa na harufu inachoma macho. Tena wanalala kwenye viota.

Kabla hujanunua chochote, angalia chombo cha maji. Kikikaa chini wanakimwaga wakichakura. Kitundike usawa wa mgongo wa kuku. Kisha chota maranda, yaminye mkononi. Yakibaki donge, hayo ni ya kutoa.

Ila mimi nalishuku zaidi hilo turubai. Pumzi na mavi ya usiku kucha yana maji mengi, na umeyanyima pa kutokea. Banda langu lilikauka nilipoacha upenyo wa kiganja chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala. Hewa ipite juu, isiwapulize. Kuku mkavu anahimili baridi vizuri tu. Upenyo uwekee wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi. Ule mwepesi unamzuia kuku kutoka, haumzuii kicheche kuingia.

Ukitaka kupima harufu, chuchumaa usawa wa vichwa vyao. Ukiwa umesimama utajidanganya.

La viota ni dogo: pandisha vichanja vya kulalia viwe juu kuliko viota, na kila kuku apate nafasi ya sentimita 20 hadi 25 kwenye kichanja. Wenyewe watahamia. Wakikaidi, ziba viota jioni ukifungua alfajiri, wasije wakakosa pa kutagia.