Mbayuwayu penuni, chozi kwenye waya wa taa: majibu kwa maswali yenu ya msimu wa mvua

Mvua zikishaanza, barua kuhusu ndege waliojenga nyumbani hutujia nyingi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine.

Mbayuwayu wawili wanabeba tope na kulibandika kwenye kona ya kibaraza chetu. Watoto wanataka kuwafuatilia mpaka wapate makinda, lakini kiota kina mlango mwembamba kama bomba na ndani hakuonekani kitu. Tutajuaje kinachoendelea? Na kinyesi tufanyeje? Mama mwenye nyumba ameshaanza kutaja ufagio. – Msomaji, Uyole, Mbeya

Ukiona mlango wa bomba, kichwa chekundu cha kutu na kifua cheupe chenye mistari myeusi, huyo ni mbayuwayu mdogo mwenye mistari. Ndani ya kiota chake hutaona kitu hata ukipanda ngazi na tochi, kwa hiyo ngazi iacheni stoo. Kila hatua inasomeka kutoka nje.

Kwanza ni tope. Wote wawili, dume na jike, huleta vidonge vidogo mdomoni, mamia kwa mamia. Hubandika safu, kisha huiacha ikauke kabla ya kuongeza nyingine juu yake, la sivyo uzito wa tope bichi huiangusha. Mkiona kazi imelala mchana kutwa, msidhani wamehama. Mvua ikikatika wiki nzima na madimbwi yakakauka, ujenzi husimama kabisa. Hapo mnaweza kuwasaidia: chimbeni kidimbwi cha nusu mita hivi, chenye kina cha vidole vinne, mkiloweshe asubuhi na jioni. Kiwe mahali peupe, mbali na maua na mabanda, maana paka hupenda kuvizia hapo hapo ndege anapoinama.

Mkiona manyoya na nyasi laini vinaingizwa badala ya tope, ujenzi umekwisha na wanatandika. Mayai huja punde baadaye, kwa kawaida matatu, moja kwa siku. Anayeatamia ni jike peke yake, kwa muda wa wiki mbili hivi, wakati mwingine na siku mbili zaidi. Huu ndio muda ambao watu hukata tamaa, kwa sababu hakuna cha kuona: mmoja kapotelea ndani, mwingine kakaa kwenye waya wa umeme anaimba.

Kisha siku moja wote wawili wanaingia na kutoka kila baada ya dakika chache. Makinda wametotolewa. Andikeni tarehe hiyo ukutani. Siku za mwanzo mtamwona mzazi akitoka na kitu cheupe mdomoni, kama kipande cha chokaa kilicholowa. Hicho ni kinyesi cha kinda kilichofungwa kwenye ngozi laini. Mzazi hukibeba akakiangusha mbali. Makinda wakikua hugeuza mkia kwenye bomba na kujisaidia nje wenyewe, na hapo sakafu ya kibaraza huanza kuchafuka. Makinda huondoka wakiwa na siku 17 hadi 19. Vichwa vikianza kuonekana kwenye mdomo wa bomba, hesabuni siku chache tu.

Kaeni mita tano au sita kutoka kwenye kiota, kila siku mahali pale pale. Zoezi zuri kwa watoto ni kuhesabu safari za wazazi kwa nusu saa, asubuhi na jioni, na kuandika pembeni hali ya hewa. Siku ya ukungu mzito au manyunyu ya kutwa safari hupungua sana, kwa sababu wadudu hawaruki na mbayuwayu hula angani tu. Hilo lisiwatie hofu mkaanza kuwawekea chakula; hawatakigusa.

Kuhusu kinyesi, dawa rahisi ni kutandaza kiroba kilichopasuliwa chini ya kiota na kukikung'uta kila baada ya siku mbili. Mkitaka ubao, pigeni wenye upana wa sentimita 30, mita moja au zaidi chini ya kiota. Ukiwa karibu zaidi unampa panya au paka daraja, na ndege wenyewe wanabanwa wanapoingia. Mwambieni mama mwenye nyumba kwamba uchafu mkubwa ni wa siku kumi hivi tu kwa kila uzao. Asikibomoe hata msimu ukiisha, kwani ndege hawa hurudi kukarabati kiota kile kile, na makinda walioruka huendelea kurudi kulala humo usiku.

Kiota cha mbayuwayu kwetu kilishakamilika. Wiki iliyopita tumekuta mayai mawili yamepasuka sakafuni na sasa manyoya yanachungulia kwenye mlango. Ndege anayeingia ni mweusi na anapita kasi mno. – Msomaji, Mafinga

Wamenyang'anywa. Huyo ni teleka mwenye kiuno cheupe: mwili mweusi, mabawa membamba yaliyopinda kama mundu, mkia wenye panda na ukanda mwembamba mweupe juu ya mkia. Teleka hatui chini akachota tope kama mbayuwayu. Huvamia kiota cha mwingine, huwatoa wenyewe, hutupa mayai, kisha huleta manyoya anayoyadaka yakielea hewani na kuyagandisha kwa mate. Manyoya yanayochungulia mlangoni ni alama yake ya wazi.

Kumfukuza ni kazi bure na hakuwarudishii mbayuwayu mayai. Kama mvua bado ipo, mara nyingi waliofukuzwa hujenga upya hatua chache kutoka pale. Mtazameni na teleka pia. Wengi hawajui kwamba wanaye.

Kiota kimedondoka na makinda watatu, wawili wako hai. Ni mara ya pili kiota kuanguka sehemu hiyo hiyo. – Msomaji, Tukuyu

Cha dharura kwanza. Chukua kopo la plastiki la ukubwa wa bakuli la uji, toboa matundu manne kwenye kitako, tandika nyasi kavu (si pamba, nyuzi zake hunasa kucha), waweke makinda, kisha lipigilie au lifunge kwa waya pale pale kiota kilipokuwa au ndani ya nusu mita. Acha uwazi wa vidole vitatu tu kati ya mdomo wa kopo na dari. Ondokeni, mtazame mkiwa ndani kwa saa moja au mbili. Wazazi hufuata sauti za makinda. Ile imani kwamba ndege humsusa mtoto aliyeshikwa na mtu haina msingi. Kinachowafukuza ni watu kusimama pale pale wakisubiri kuona.

Sasa chanzo. Kiota kikianguka mara mbili mahali pamoja, kwa kawaida tatizo ni ukuta. Rangi ya mafuta na lipu iliyopigwa laini havishiki tope. Sababu nyingine ni tope lenye mchanga mwingi, ambalo likikauka linamomonyoka, au mvua inayovuja kwenye fasha na kulowesha kiota kwa juu. Ziba uvujaji huo kwanza, kisha msimu ujao kabla ya mvua pigilia kipande cha mbao ya inchi moja kwa mbili, isiyopigwa randa ili tope lishike, kwenye kona ya ukuta na dari. Urefu wa sentimita 30 unatosha.

Shikamooni. Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mwembamba uliopinda, amening'iniza kiota kwenye waya wa taa ya varanda. Naweza kumpiga picha kwa simu nikiwa karibu? Na kwa nini yule wa kiume mwenye rangi kali simwoni akisaidia? – Mwanafunzi, Njombe

Marahaba. Kwa chozi wengi, kujenga na kuatamia ni kazi ya jike. Dume huimba na kufukuza wengine, ingawa katika aina kadhaa hujitokeza kulisha makinda. Ukitazama vizuri utaona kiota kimeshonwa kwa utando wa buibui, kina mlango pembeni na kijipaa kidogo juu yake. Kwa hiyo waambie nyumbani wasifagie tandu zote za buibui kwenye varanda. Hizo ndizo kamba zake.

Mayai ni moja au mawili, huatamiwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani muda unaokaribia huo. Wakati wa kujenga na siku za mwanzo za kuatamia usisogee kabisa, maana jike huweza kuacha kila kitu. Makinda wakishakuwa na siku tano, piga kutoka mita tatu, bila flashi, dakika mbili tatu, kisha ondoka. Wakishaota manyoya rudi nyuma tena: kinda aliyekaribia kuruka akitishwa huchupa kabla mabawa hayajakomaa, na kumrudisha kiotani hakusaidii sana, atachupa tena. Kuhusu taa, ing'oeni balbu kwa muda. Mwanga wa usiku huleta wadudu, na wadudu huleta mijusi na paka.

Nimeokota kinda la shore chini ya ua. Ana manyoya lakini mkia mfupi, haruki. Tumempa maziwa na ugali. – Msomaji, Kihesa, Iringa

Acheni maziwa leo hii; ndege hawezi kuyameng'enya. Ugali nao ni wanga mtupu, na wazazi wake wangemletea wadudu na matunda laini.

Kinda mwenye manyoya na mkia mfupi hajapotea. Shore hutoka kiotani kabla hajaruka vizuri, akashinda vichakani siku kadhaa huku wazazi wakimlisha. Mrudisheni pale pale mlipomwokota, juu ya tawi la urefu wa kifua, na paka afungiwe ndani siku mbili tatu. Asiye na manyoya kabisa ndiye wa kurudisha kiotani. Kumfuga si jibu: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukamata na kuweka ndege wa porini bila kibali.

Siafu walipanda mti na kumaliza makinda wote usiku. Kuna kinga? – Msomaji, Ileje

Ipo, ila si kamili. Mkiona msafara uani, mwagieni majivu makavu kuzunguka shina, upana wa shubiri moja na nusu, na muongeze kila mvua inapoyalowesha. Kwenye nguzo ya mbao au chuma, pakeni grisi upana wa sentimita 10. Kwenye gome la mti hai msipake. Kateni pia matawi yanayogusa ukuta, paa au kamba ya nguo, kwa sababu mzunguko wa majivu hauna maana kama kuna njia nyingine ya kupandia. Matawi hayo hayo ndiyo barabara ya nyoka.

Mbayuwayu hawawezi kuniletea ugonjwa wa kideri kwenye banda la kuku? – Mfugaji, Makambako

Mbayuwayu hashuki kula pumba wala mtama wa kuku, kwa hiyo hachanganyiki nao kama njiwa wanavyofanya. Kideri kwa kawaida huingia na kuku mgeni kutoka mnadani, viatu na matenga. Chanja kwa matone, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na usiruhusu kiota juu ya chombo cha maji ya kuku. Kama wameanza kubandika tope hapo, hamisha chombo.

Ndege mweusi na mweupe anayetikisa mkia anapigana na kioo cha gari langu kila asubuhi, mpaka amechafua mlango mzima. – Msomaji, Soweto, Mbeya

Ana kiota jirani, na anadhani kivuli chake ni dume mwingine aliyeingia eneo lake. Vika soksi kuukuu kwenye vioo vya pembeni unapoegesha, au vikunje. Akihamia kwenye dirisha la nyumba, paka sabuni ya mche kwa nje mpaka kioo kisiakisi. Tabia hii hupoa makinda wakishaanza kulishwa, kwani hapo hana tena muda wa kugombana.