Maswali ya Wasomaji: Masizi Kwenye Oili ya Dizeli

SWALI: Nina Hiace ya dizeli, injini ya aina ya 5L, nabeba abiria mjini. Nikibadili oili leo, keshokutwa kijiti cha kupimia oili kinatoka cheusi tii. Fundi anasema ringi (pete za pistoni) zimekwisha. Nifungue injini? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Usifungue. Dizeli ikiungua hutoa masizi, na oili nzuri ina kemikali za kuyatenganisha yasishikane. Oili nyeusi ni oili iliyo kazini. Tena mabaki ya ile ya zamani yanatosha kuichafua mpya siku hiyohiyo. Balaa huanza kemikali hizo zikichoka. Chembe ambazo zilikuwa ndogo mno kunaswa na filta huungana, oili inakuwa nzito, filta inaziba, vali yake ya pembeni inafunguka na uchafu unapita bila kuchujwa. Masizi hayo hukwangua utando unaolinda chuma, na kamshafti na tapeti (vyuma vinavyofungua vali za injini) huanza kulika.

Pima hivi. Injini ikiwa moto, dondosha tone moja la oili kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, uilaze juu ya mdomo wa glasi hadi kesho yake. Ukiona kijivu kinachofifia kuelekea nje, oili bado nzima. Ukiona doa jeusi zito lenye ukingo mkali, imwage hata kama kilomita hazijatimia. Kwa gari linalonguruma sana kituoni, tusingevuka kilomita 5,000.

Ringi je? Washa injini bila kukanyaga mafuta, legeza kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mwepesi ni kawaida. Moshi ukisukumwa kwa nguvu, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda. Ila anza na filta ya hewa na nozeli (zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda): hewa haba au nozeli inayodondosha huzalisha masizi hata ringi zikiwa mpya.

SWALI: Oili nzito zaidi itayamudu masizi?

JIBU: Hapana. Masizi yenyewe huizidisha uzito. Ukianza na nzito, asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu ya injini. Fuata kitabu cha gari, na kwenye kopo tafuta daraja la ubora la API CI-4 au CK-4. CF ni daraja la zamani.

SWALI: Prado yangu yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV inawasha taa ya oili ikishapata moto. Fundi anataka kuosha injini ndani kwa dizeli. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usikubali. Katika injini hii washa (pete za kuziba) za shaba chini ya nozeli zikivuja, gesi ya moto hupenya hadi chini ya kava la juu, oili inageuka lami na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Pale hufunika wavu wa pampu, na pampu inakosa cha kuvuta. Dizeli italegeza lami yote kwa mkupuo na kuipeleka kwenye wavu huohuo. Usiendeshe tena. Sampu ishushwe, wavu usafishwe, na washa zote nne ziwekwe mpya baada ya kusafisha sehemu zinapokalia. Za zamani zisirudishwe hata zikionekana nzima.