Kwa mwanangu aliye Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Dada yako alinisomea ujumbe wako, kisha nikavaa miwani nikausoma tena mwenyewe. Unauliza: "Mama, kazi ninayo, afya ninayo, kila Jumapili niko kanisani, mbona sina furaha? Nihamie kanisa la wenzangu, kule watu wanatoka ibadani wakicheka?"

Kabla ya habari za kanisa, nikusimulie mama yako mkubwa.

Unajua tulivyotoka Goma tarehe 17 Januari 2002. Mlima wa moto Nyiragongo umepasuka, moto unashuka, ukakata mji vipande viwili, ukapita juu ya uwanja wa ndege, ukala kathedrali ya Mtakatifu Yosefu, ukaenda kuzimikia ziwani Kivu. Papa yako alibeba godoro na dada yako, mimi nilibeba wewe mgongoni na sufuria mkononi. Hayo umeyasikia mpaka umechoka. Lakini la mama mkubwa sijui kama tuliwahi kukusimulia vizuri.

Yeye ndiye aliyetunza pesa za likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ya akina mama wa mtaa wa Birere. Wiki ile pesa zote zilikuwa kwake, na zamu ya kula ilikuwa ya mama mmoja muuza maharage, ambaye walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya maneno ya sokoni. Mama mkubwa alitoka nyumbani na Biblia, daftari la likelemba, na zile pesa amezifunga kiunoni ndani ya kitenge. Cherehani aliiacha. Cherehani ile iliyosomesha watoto wake! Nyumba iliungua nayo ndani.

Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, tulilala nje, majivu kwenye nywele, mbingu ya upande wa kwetu nyekundu. Mjomba wako mmoja akamwambia wazi: "Sema pesa ziliungua. Mji umeungua, nani atakuuliza?" Na neno hilo lilikuwa na akili, mwanangu. Dada yangu alikuwa na watoto wa kulisha na hana hata sahani.

Hakumjibu. Asubuhi alifungua kitenge. Noti za franka zilikuwa zimelowa jasho, zimeshikamana. Akazibandua moja moja kwa kidole gumba, akazitandaza juu ya daftari zikauke, akihesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akaanza kuzunguka, kila penye watu wa Birere anauliza: mmemwona mama wa maharage? Alimpata kesho yake, karibu na mpaka. Nilikuwa naye. Yule mama alipoziona zile pesa alikaa chini, akajifunika uso. Mama mkubwa alimwambia tu, "Hesabu, mama, zisije zikawa zimepungua." Tulipokuwa tunarudi akaanza kuimba. Kwa sauti, barabarani, mtu asiye na nyumba! Watu waligeuka kumtazama. Hadi leo nikiukumbuka uso wake nacheka peke yangu jikoni.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia: furaha haitafutwi, hukukuta njiani unapofanya lililo haki mbele za Mungu. Zaburi ya 15 inamsifu mtu aliyeapa, akapata hasara, na bado hakubadili neno lake. Na Paulo, akiwaandikia Wagalatia sura ya 5 juu ya tunda la Roho, furaha ameitaja pamoja na uvumilivu, uaminifu na kiasi. Watu wanataka kuchomoa furaha peke yake na kuacha mengine. Haichomoki.

Lakini hapo hapo najiuliza. Mama mkubwa alilia pia. Tuliporudi, tukikanyaga mawe ambayo bado yana joto, alisimama mahali palipokuwa nyumba yake akaililia cherehani mpaka sauti ikakauka. Wako waliosema imani yake imetetereka. Mimi sikubali. Paulo yule yule aliyewaambia Wafilipi, akiwa kifungoni, wafurahi siku zote, katika barua hiyo hiyo anasema Mungu alimhurumia Epafrodito akapona, ili yeye Paulo asipate huzuni juu ya huzuni. Basi mtu wa Mungu hulia. Tena wako waaminifu ninaowajua hapa Goma, na hali ya mji unaijua, ambao ni miaka sijawasikia wakiimba. Nitawaambia nini? Kwamba hawajatenda haki? Siwezi. Hapo neno langu linapungua nguvu. Ila siliachi, maana sijamwona bado mtu aliyedhulumu akaimba vile. Furaha hukukuta njiani.

Kuhusu hilo kanisa, ninalo la kusema na linaniwasha ulimini. Papa yako anasema wewe ni mtu mzima, nisikuamulie. Haya, sikuamulii. Lakini ukienda, usisikilize kicheko tu. Angalia: muumini akipunja mizani, kuna anayemkemea? Akimnyima mfanyakazi wa nyumbani mshahara, mchungaji anauliza? Na hapo unaposali sasa, wanauliza? Nanyamaza.

Lingine ni pesa za shangazi yako, zile za tiketi na kodi ya chumba ulipofika huko. Ulisema utazirudisha ukianza kupata mshahara. Yeye hajasema kitu. Mimi ndiye ninayeuliza.

Mama yako