Betri ya droni kuisha haraka kwenye baridi

Kaka wa Uyole, nimekuelewa: nyumbani droni yako mpya inaruka vizuri, ila ukiipandisha Isyonje, huko milimani Mbeya, asubuhi ya Juni betri inakata mapema, unahisi umeuziwa mbovu. Sidhani. Baridi hudhoofisha betri za lithiamu, na huko juu hewa ni nyepesi, hivyo mota hufanya kazi zaidi.

Weka betri ndani ya koti, karibu na mwili, mpaka dakika ya kurusha. Ukirusha, iache droni ielee chini kidogo betri ipate joto, kisha ishushe chaji ikifika asilimia 30. Betri ikivimba usiichaji kabisa, inaweza kuwaka, mpelekee fundi.

Halafu kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, unacho? Na ukisogea hadi Kitulo, ile ni hifadhi ya taifa, usirushe bila ruhusa ya hifadhi.