Someni kabla ya kupanda Salaita

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: anayekwenda kutazama uwanja wa vita vya zamani, aisome historia yake kwanza, au aende tu akajionee? Mimi nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Mombasa, na katika kazi zote za ualimu hakuna niipendayo kama kuwapeleka vijana Voi na Taveta. Jibu langu ni kwamba asome kwanza, na asome mpaka ajue asimame wapi.

Nitaeleza kwa kilima kimoja. Salaita iko kando ya barabara ya Voi, hujafika Taveta mjini. Ni kilima kidogo cha miiba na vumbi, na dereva wa matatu hukipita bila kupunguza mwendo. Mgeni asiyesoma, akiambiwa kwamba hapa palipiganwa, hupanda mpaka kileleni, akapiga picha, akashuka. Kumbe huko juu siko kulikokuwa na vita.

Vita ni vile vya Kwanza vya Dunia: Wajerumani, waliokuwa wakitawala ng'ambo ya mpaka, waliiteka Taveta Agosti 1914, na Salaita wakaigeuza kuwa kizuizi cha kulinda njia ya kuelekea Moshi. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi kwenda huko. Tarehe 12 Februari 1916 wakatuma brigedi ya Waafrika Kusini, watu walioteremka Kilindini wiki chache tu kabla na ambao hawakuwa wameizoea nchi hii. Mizinga ikapiga kilele, kwa sababu mahandaki yaliyoonekana yalikuwa kule juu. Mahandaki yenyewe yenye askari yalikuwa chini, kwenye guu la kilima, yamefichwa na vichaka. Waafrika Kusini wakaenda mpaka karibu, wakapokewa kwa risasi kutoka mahali ambapo hawakupatazamia, kisha maaskari wa Kijerumani, wengi wao Waafrika, wakatoka kuwashambulia. Hasara ya Waafrika Kusini ilizidi watu 130, ukiwahesabu waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliowasitiri walipokuwa wakirudi nyuma ni Wabaluchi wa jeshi la Bara Hindi, watu ambao hao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau waziwazi.

Ndiyo maana nikifika pale na wanafunzi siwaachi wapande kwanza. Huwaambia walale kifudifudi chini ya kilima, nyuso zikitazama mashariki, walikotoka Waingereza. Safari moja binti mmoja wa kidato cha tatu alikaa kimya muda, halafu akaniita: "Mwalimu, wale wenzetu walio barabarani nawaona wote mpaka viatu. Wao hawanioni." Hakuna maelezo yangu ya darasani yaliyowahi kumfundisha mtoto hivyo. Lakini asingeyaona hayo kama hatukuwa tumesoma kabla kwamba mahandaki yalikuwa chini.

Kusoma kwenyewe kuna namna yake. Vitabu vingi vya vita hivi viliandikwa na maofisa, na ofisa huandika habari za upande wake. Msome Mwingereza, halafu mtafute Mjerumani. Kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck aliandika kumbukumbu zake, na zinasomeka. Wanapopishana, hapo ndipo pa kusimama na ramani mkononi. Ramani usiiache nyumbani hata kidogo. Bila ramani huwezi kuelewa kwa nini Salaita, iliyomwaga damu Februari, iliachwa tarehe 9 Machi bila kupiganiwa: Jenerali Smuts, kamanda mpya wa upande wa Waingereza, alikuwa amefika, akawapeleka wapanda farasi kuzunguka kaskazini kwa upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakaona watazingirwa. Siku mbili baadaye wakapigania vilima vya Latema na Reata, usiku kucha, upande wa mpakani.

Jambo la pili la kusoma ni maji na maradhi, ambayo watu huyaruka ili wafike kwenye bunduki. Hapa kwetu tunalo funzo la karibu zaidi. Fort Jesus ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, na Wareno na wenzao waliokuwa ndani waliuawa na magonjwa zaidi kuliko silaha. Ukiingia ngomeni huku unajua hilo, utakitazama kisima kabla ya mizinga. Na Salaita vivyo hivyo. Mzee mmoja mchunga mbuzi alitukuta pale tumetoa chupa zetu. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba wanangu," akasema, kisha akatazama chupa. "Mmefanya vizuri kuja nayo. Hapa maji hakuna, wala zamani hayakuwapo." Tulikuwa tumesoma kwamba Waingereza walilazimika kuyaleta maji kutoka mbali, na sasa tukajua maana yake, jua likiwa utosini.

Mzee huyo ndiye aliyetuambia pia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hakurudi. Hapo ndipo moyo wangu ulipo katika jambo hili, na nitakaa hapo kidogo. Vita hivi vilipiganwa kwenye nchi isiyo na barabara na yenye mbung'o walioua farasi na ng'ombe, basi chakula na risasi vikabebwa vichwani na mabegani. Wachukuzi wa upande wa Waingereza waliokufa, kwa hesabu za serikali yenyewe, walizidi 40,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Nenda makaburi ya kijeshi ya Voi na Taveta: yametunzwa vizuri, majani yamekatwa, majina yamechongwa. Maktau kuna makaburi ya Wahindi. Mchukuzi wa Kitaita, wa Kigiriama au wa Kikamba huwezi kumwona popote. Asiyesoma atatoka pale akidhani waliokufa ni hao tu wenye mawe.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali wazi katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Na sisi wa Mombasa tunapita kila siku mbele ya Sanamu ya Askari, pale Jomo Kenyatta Avenue, iliyowekwa miaka ya 1920. Maandishi yake ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanawataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako wanao watalikumbuka jina lako. Hapana jina hata moja lililoandikwa pale. Mimi sitaki mwanafunzi wangu afike Taveta kabla hajasimama mbele ya sanamu hiyo akayasoma maneno hayo mpaka mwisho.

Kusoma kunasaidia pia kuzipima hadithi za njiani. Huko Maktau watembeza wageni huonyesha mbuyu wenye matundu, na husimulia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani akidungua askari wa Kiingereza. Simkatazi mtu kuisikiliza, ni hadithi nzuri. Lakini kwanza ajue kwamba vita vya mahali paitwapo Mbuyuni na mapambano ya doria kando ya reli vilitokea kweli mwaka 1915, na alama za risasi hazihitaji mwanamke ili zielezeke.

Asiye na nauli ya Taveta aanzie mlangoni mwa Fort Jesus. Pale kuna mzinga wa meli ya Königsberg na mzinga wa Pegasus, Mjerumani na Mwingereza. Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Unguja Septemba 1914, nayo ikaangamizwa delta ya Rufiji Julai 1915, na Wajerumani wakaitoa mizinga yake majini wakaikokota bara kupigania.

Safari ninayoiandaa sasa haitoki Pwani. Tarehe 7 Oktoba 1914 Wajerumani walizuiwa Gazi, kilomita zipatazo 50 kusini ya Likoni, wakiwa njiani kuja kuichukua Mombasa. Miongoni mwa waliowakabili katika vita vya mpaka ule ni Arab Rifles, kikosi cha Waarabu wa hapa, wakiwemo Wahadhrami waliokuwa wakiuza maji mitaani, chini ya Mwingereza Arthur Wavell, aliyeuawa Mwele Ndogo Januari 1916. Habari za Wavell nimeshazisoma za kutosha. Ninaowatafuta ni watu wake. Kama kuna msomaji wa Mji wa Kale, Gazi au Msambweni aliyesikia kwao jina, shairi, au hata ubishi wa wazee kuhusu kikosi hicho, naomba aliandikie gazeti hili kabla ya mvua za masika, maana tunataka kwenda njia ikiwa bado kavu.